Pwani ya Watu Wote na Mji Unaoitunza

Upande wa magharibi wa nchi ya Marekani, kando ya Bahari ya Pasifiki, pana mji uitwao Santa Monica. Mji huu umo katika jimbo la California, karibu na jiji kubwa la Los Angeles. Ulianzishwa mwaka wa 1875, na sasa wakazi wake wapata 90,000. Mbele ya mji kuna pwani pana ya mchanga, yenye urefu wa kilometa zipatazo 5. Siku za joto watu huja hapo kwa maelfu, matajiri na maskini, wazee na watoto, wenyeji na wageni. Wengine huogelea, wengine hucheza mpira mchangani, na wengine hukaa chini ya miavuli yao wakitazama mawimbi. Jioni hurudi makwao, na nyuma yao huacha chupa, makaratasi, maganda ya matunda, na vyoo vilivyochafuka.

Mtu akipita hapo alfajiri ya pili yake, huona mambo mengine kabisa. Mchanga umesawazishwa, mapipa ya taka ni matupu, na vyoo vimeoshwa. Ni nani aliyefanya kazi hiyo usiku ungali haujaisha? Tena ni nani aliyelipa gharama yake? Pwani hiyo si ya mtu mmoja, wala hapana mlango wa kumzuia mtu asiingie. Habari yake yafaa kujulikana, kwa maana kutunza kitu cha watu wote ni jambo gumu kuliko watu wengi wanavyodhani.

Mwenye Mali na Mtunzaji

Nyumba ya mtu ikivuja, mwenyewe hupanda juu akaziba. Hangoji jirani, kwa kuwa mvua itamlowesha yeye na watoto wake. Lakini daraja likianza kuoza, au kisima cha mji kikianza kujaa tope, kila mtu husema moyoni mwake, "Yuko mwingine atakayetengeneza." Huyo mwingine naye asema vivyo hivyo. Hivyo kitu cha wote huharibika mbele ya macho ya wote. Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa nyumba ya mtu una mwenye kuuziba. Ufa wa kitu cha watu wote waonwa na kila mtu, wala hapana auzibaye.

Kwa hiyo, kwa kila kitu cha watu wote, yafaa kuuliza maswali mawili. La kwanza ni hili: Kitu hiki ni mali ya nani? La pili ni hili: Ni nani aliyepewa kazi ya kukitunza kila siku? Watu wengi hudhani kwamba maswali haya mawili yana jibu moja, lakini sivyo. Huko Santa Monica sehemu kubwa ya pwani ni mali ya jimbo la California, lakini mtunzaji wake ni mji.

Sheria ya jimbo hilo kuhusu bahari ni ya zamani. Nchi iliyo chini ya alama ya maji kujaa, yaani ile ambayo bahari huifunika na kuifunua, ni ya watu wote. Tangu California ilipoingia katika umoja wa majimbo ya Marekani mwaka wa 1850, serikali ya jimbo imeishika nchi hiyo kama amana. Na amana si sawa na mali ya mtu. Aliyewekewa amana haitumii apendavyo. Huishika kwa ajili ya mwenyewe, na siku yoyote aweza kuulizwa habari zake. Hapa mwenyewe ni watu wote wa jimbo, hata wale wakaao mbali milimani wasiopata kuiona bahari ila mara moja kwa mwaka.

Lakini mchanga mkavu ulio juu ya alama ile waweza kuwa na mwenyewe. Katika miaka ya 1920 sehemu nyingi za mchanga wa Santa Monica zilikuwa mikononi mwa matajiri na vilabu vyao. Watu wenye sifa katika sinema walijenga majumba makubwa kando ya maji, na mtu asiyekuwa na jina wala fedha hakukaribishwa hapo. Baadaye serikali ya jimbo ilinunua sehemu nyingi za pwani, ili ziwe wazi kwa wote.

Sababu ya Kukabidhi Kazi

Sasa mtu aweza kuuliza: Ikiwa jimbo ndilo mwenye mali, mbona halikufanya kazi ya kutunza lenyewe?

Jibu lake laonekana katika ramani. Makao makuu ya serikali ya California yako Sacramento, safari ya kilometa zipatazo 600 kutoka Santa Monica. Pwani ya jimbo zima ina urefu wa zaidi ya kilometa 1,300, na idara ya jimbo inayohusika ina mbuga, misitu, pwani na mahali pa kale zaidi ya 200 pa kuangalia. Bomba la maji likipasuka mchana penye umati wa watu, haifai kungoja barua iende Sacramento na jibu lirudi. Lakini mji uko hapo hapo. Una mafundi, una magari ya taka, una polisi, na wakubwa wake hupita njia ile ile kila siku. Tena wafanya biashara wa mji hupata faida kwa wageni wanaokuja kuogelea. Basi pwani ikiwa chafu, mji ndio wa kwanza kupata hasara.

Kwa sababu hizo jimbo na mji walifanya mapatano. Jimbo likabaki na mali yake, na mji ukapokea kazi ya kuitunza. Mji husafisha mchanga, hutengeneza vyoo na njia, hulipa mishahara ya wafanyakazi, na hupokea ada za watu wanaoweka motakaa zao katika viwanja vya pwani. Fedha hizo huwekwa katika mfuko wa pwani, zikalipie kazi ya pwani. Lakini mji hauwezi kuiuza pwani, wala kuifunga kwa ukuta, wala kusema, "Hii ni yetu sisi wakazi tu." Umepewa ufagio, haukupewa hati ya kumiliki.

Jambo hili ni rahisi kueleza, lakini si rahisi kutenda. Mapatano ya namna hii huenda vibaya kwa njia mbili. Pengine mwenye mali hukabidhi kazi bila kuangalia kama mtunzaji ana fedha za kutosha, na miaka michache baadaye vyoo hufungwa na ngazi huoza. Pengine mtunzaji huzoea kukaa na kitu hata akasahau kwamba si chake. Ndiyo maana mapatano mazuri huandikwa kwa maneno wazi: nani atalipa, nani atatengeneza dhoruba ikibomoa, fedha zitakazopatikana zitatumiwaje, na mapatano yenyewe yatakwisha lini.

Kazi ya Kila Siku

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani ni kufagia tu. La, ni kazi nyingi pamoja.

Kwanza ni mchanga. Alfajiri trekta hupita zikikokota mashine za kuchekecha. Mashine hizo huchota mchanga wa juu, huutikisa, huachia mchanga uanguke na kubakiza vigae, visiki vya sigara na vifuniko vya chupa. Lakini hata kazi hii ina adabu yake. Katika bahari ile kuna samaki wadogo wenye rangi ya fedha, waitwao grunion. Wakati wa bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au unapokuwa mchanga, samaki hao hupanda pwani usiku pamoja na wimbi, na jike hutaga mayai yake katika mchanga uliolowa. Mayai hukaa humo siku zipatazo kumi au zaidi, hata bamvua nyingine inapokuja kuyafunua. Ndipo watoto hutoka wakaenda na maji. Kwa hiyo, tangu mwezi wa Machi hata Agosti, trekta huepuka mchanga uliolowa, zikafanya kazi juu ya alama ya maji kujaa tu.

Tena mwaka wa 2016 sehemu ndogo ya pwani ilizungushiwa ua mfupi ikaachwa bila kuchekechwa, na mbegu za mimea ya asili zikatupwa humo. Upepo ukaleta mchanga, mimea ikaushika, na vilima vidogo vikaanza kuinuka. Vilima kama hivyo ni kinga ya bure wakati wa dhoruba, kwa kuwa wimbi huvunjika hapo kabla ya kufika majumbani. Mwaka wa 2017 lilionekana katika pwani ya Santa Monica kiota cha ndege mdogo wa mchangani, wa jamii ambayo haikuwa imetaga katika pwani za wilaya ya Los Angeles kwa miaka karibu 70. Hivyo watunzaji walijifunza kwamba pengine kutunza ni kusafisha, na pengine kutunza ni kuacha.

Kazi ya pili ni maji. Mji mkubwa una mifereji mingi chini ya barabara, nayo huteremka mpaka baharini. Hata wakati usio wa mvua, maji ya kumwagilia bustani na ya kuoshea motakaa huingia humo, yakabeba mafuta, samadi na uchafu mwingine mpaka mahali watoto wanapocheza. Mwaka wa 2001 mji ulifungua karibu na gati mtambo wa kusafisha maji hayo. Mtambo uliundwa kwa kusafisha mpaka lita 1,900,000 hivi kwa siku, na maji yaliyosafishwa hutumiwa kumwagilia bustani na kusukuma vyoo. Lakini mvua kubwa inapokuja, mifereji hujaa kupita kiasi. Hapo watu huonywa wasiogelee kwa siku tatu baada ya mvua kukatika, kwa maana maji yaliyo safi machoni yaweza kuwa na ugonjwa ndani yake.

Kazi ya tatu ni ulinzi wa waogeleaji. Walinzi hukaa katika vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakitazama bahari kwa darubini. Kazi hii si ya jimbo wala si ya mji, bali ni ya wilaya ya Los Angeles, ambayo walinzi wake hulinda pwani nyingi za ghuba ile. Basi pwani moja ina wakubwa watatu: jimbo lina mali, mji una ufagio, na wilaya ina walinzi. Wahenga walisema, Nahodha wengi chombo huenda mrama. Chombo hiki hakiendi mrama maadamu kila mmoja ajua kamba yake.

Habari ya Nyumba ya Pwani

Kuna nyumba moja pwani hapo ambayo habari yake yaonyesha vizuri mambo haya yote. Katika miaka ya 1920 tajiri mmoja mwenye magazeti mengi, William Randolph Hearst, alimjengea mwigizaji wa sinema Marion Davies jumba kando ya maji. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100. Palikuwa na nyumba ya wageni pia, na birika kubwa la kuogelea lililopambwa kwa vigae vya rangi na marumaru. Waliokaribishwa humo walikuwa mashuhuri. Watu wengine waliliona jumba hilo kwa mbali tu.

Mwaka wa 1947 jumba liliuzwa kwa mwenye hoteli, naye akaligeuza kuwa hoteli na kilabu cha pwani. Lakini gharama za jumba kubwa kama lile ni nyingi, na mwaka wa 1956 jumba lenyewe likabomolewa. Zikabaki nyumba ya wageni, birika, na majengo machache. Mwaka wa 1959 serikali ya jimbo ikapanunua mahali pale.

Hata hivyo watu wote hawakuingia mara moja. Kwa miaka mingi mahali pale palipangishwa kwa kilabu, na walioingia walikuwa wanachama waliolipa. Nchi ilikuwa ya watu wote katika hati, lakini mlango ulikuwa wa wachache. Mapatano hayo yalipokwisha mwaka wa 1990, mji ulipokea uendeshaji wa mahali pale ili pafunguliwe kwa wote. Kazi ilikuwa imeanza tu, ndipo tarehe 17 Januari 1994 tetemeko kubwa la nchi lilipolipiga eneo lote la Los Angeles. Majengo ya pwani yakapasuka, yakafungwa kwa kuwa yalikuwa hatari.

Basi hapo swali la zamani likarudi: Nani atalipa? Jimbo lilikuwa na mali nyingine nyingi zilizoharibika. Mji nao ulikuwa na barabara na nyumba za kutengeneza. Miaka ikapita, mahali pakakaa bure, na chumvi ya bahari ikaendelea kula chuma na mbao. Mwishowe mfuko wa sadaka wa jamaa ya Annenberg ukatoa dola 27,500,000 kwa kazi hiyo. Birika la kale likatengenezwa, nyumba ya wageni ikarudishiwa sura yake, na majengo mapya yakajengwa. Mahali pale pakafunguliwa mwezi wa Aprili mwaka wa 2009. Mji ndio unaopaendesha, na nchi yenyewe ni ya jimbo. Mtu yeyote aweza kuingia, wala haulizwi kama ni mwanachama. Atakaye kuogelea katika birika hulipa ada yake, na mtoto wa mfanyakazi aweza kupiga mbizi mahali ambapo zamani walioga wageni wa tajiri tu.

Habari hii ina mafundisho mawili. La kwanza, kununua kitu kwa ajili ya watu wote si mwisho wa kazi. Kati ya mwaka wa 1959 na 2009 imepita miaka 50 kamili. La pili, sadaka kubwa yaweza kujenga, lakini haiwezi kufagia kila asubuhi. Baada ya sherehe za kufungua, palihitajiwa mtu wa kuosha vyoo siku ya pili, na siku ya tatu, na miaka yote inayofuata. Mtu huyo ni mfanyakazi wa mji.

Hatari ya Mtunzaji Aliye Karibu

Yaweza kuonekana kwamba ingekuwa vema zaidi mji upewe kila kitu, mali na ufagio pamoja. Lakini habari za pwani ile ile zaonya.

Kusini ya Santa Monica, katika ghuba hiyo hiyo, upo mji mwingine uitwao Manhattan Beach. Mwaka wa 1912 mke na mume weusi, Willa na Charles Bruce, walinunua kiwanja kando ya bahari. Willa Bruce alilipa dola 1,225. Wakajenga nyumba ya kupokea wageni, kwa sababu siku zile watu weusi walifukuzwa katika pwani nyingi za California. Wageni wakaja kwa furaha. Lakini baadhi ya majirani weupe hawakupenda, wakawasumbua. Mwaka wa 1924 baraza la mji likaanza kuwanyang'anya Bruce na jamaa nyingine nchi yao kwa njia ya sheria, likisema kwamba patatengenezwa bustani ya watu wote. Mwaka wa 1929 kazi ya kunyang'anya ilikuwa imekwisha, nyumba zilikuwa zimebomolewa, na nchi ikakaa tupu kwa miaka mingi. Maneno "ya watu wote" yalitumiwa kuwafukuza baadhi ya watu.

Mwaka wa 1948 viwanja vya Bruce viliingia mikononi mwa jimbo, na mwaka wa 1995 jimbo likaviachia wilaya ya Los Angeles pamoja na pwani nyingine, kwa sharti kwamba wilaya isiviuze wala isiwape wengine. Sharti hilo lilikuwa jema kwa kulinda pwani, lakini lilizuia pia kurudisha haki. Ikabidi sheria mpya ya jimbo itungwe; gavana akaitia sahihi mwezi wa Septemba mwaka wa 2021. Mwaka wa 2022 wilaya ikawarudishia vitukuu wa Bruce nchi yao, na mwaka wa 2023 wao wenyewe wakaiuzia wilaya kwa bei ya karibu dola 20,000,000.

Hata Santa Monica haikuwa na mikono safi siku zile. Watu weusi walikusanyika katika sehemu moja ya pwani, mwisho wa barabara iitwayo Bay Street, kwa kuwa kwingine walisumbuliwa. Wenye dharau wakapaita mahali pale "Kidau cha Wino." Mwaka wa 2008 mji wenyewe uliweka hapo bamba la ukumbusho, ili mtoto apitaye asome na kujua.

Basi mtunzaji aliye karibu ana faida na hatari pamoja. Kwa kuwa yu karibu, huona ufa upesi. Lakini kwa kuwa yu karibu, husikia zaidi sauti za majirani zake kuliko sauti za watu watokao mbali. Mkazi anayeishi hatua chache kutoka pwani hachoki kulalamika kwamba motakaa za wageni zimejaza barabara yake, na malalamiko yake pengine ni ya haki. Lakini mji ukiziba kila mahali pa kuweka motakaa, mtoto wa mbali hatafika baharini, ijapokuwa hapana ukuta wala bawabu. Ndiyo sababu kuna sheria ya jimbo ya mwaka wa 1976 juu ya pwani, pamoja na tume ya kuisimamia. Mji ukitaka kubadili jambo litakalopunguza njia ya watu kufika baharini, tume hiyo yaweza kuuhoji. Mwenye mali aliye mbali hawezi kufagia vizuri, lakini aweza kukumbuka wale ambao jirani huwasahau.

Gati Lililotaka Kubomolewa

Kuna mlinzi mwingine tena, naye hana ofisi. Mbele ya Santa Monica lipo gati refu la mbao, mali ya mji, lililofunguliwa tarehe 9 Septemba 1909. Mwaka wa 1973 baraza la mji liliamua libomolewe. Lilikuwa limechakaa, na palikuwa na shauri la kujenga kisiwa baharini chenye hoteli. Wenyeji waliposikia walikasirika. Wakaandika majina yao, wakahudhuria mikutano, wakasema na wajumbe. Baraza likaacha shauri lake, na mwaka wa 1975 wapiga kura wakapitisha sheria ya kulihifadhi gati. Mwaka wa 1983 dhoruba mbili kubwa zikabomoa zaidi ya theluthi moja yake. Hapo pangekuwa na udhuru mzuri wa kuliacha life, lakini watu walikuwa wamekwisha kusema neno lao, nalo likajengwa tena.

Hivyo pwani ya watu wote ina nguzo tatu. Mwenye mali, ambaye ni jimbo, huzuia isiuzwe wala isifungwe. Mtunzaji, ambaye ni mji, huifagia na kuziba nyufa. Na watu wenyewe hutazama, huuliza, na husema wanapoona mambo yanakwenda kombo. Nguzo moja ikianguka, nyingine mbili hulemewa.

Na kazi yenyewe haina mwisho. Jioni ya leo jua litazama baharini mbele ya Santa Monica, na watu watakung'uta mchanga miguuni waende zao. Wengine watatia taka zao pipani. Wengine watazitupa chini, wakidhani ya kuwa kitu cha wote hakina mwenyewe. Alfajiri mfanyakazi atakuja na trekta yake, aokote kilichoachwa.

Maswali

1. Kwa nini kitu cha watu wote huharibika upesi kuliko kitu cha mtu mmoja?
2. Eleza tofauti kati ya mali na amana.
3. Ni kwa sababu gani jimbo la California liliuachia mji kazi ya kutunza pwani ya Santa Monica?
4. Kwa nini trekta haziendi katika mchanga uliolowa tangu Machi hata Agosti?
5. Jumba la Marion Davies liliuzwa, likabomolewa, na mahali pake pakafunguliwa kwa wote. Taja mambo hayo kwa utaratibu, pamoja na miaka yake.
6. Habari ya Willa na Charles Bruce yafundisha nini juu ya maneno "ya watu wote"?
7. Taja kitu kimoja cha watu wote kilicho karibu na shule. Ni mali ya nani, na ni nani anayekitunza?